Glavu ya Ulderigo Menconi

Jumapili ya tarehe 14 Novemba 1926, saa tisa alasiri, waliokuwapo katika karakana ya marumaru mjini Carrara ni hawa: Ottorino Vatteroni, mwenye karakana, ambaye pia alikuwa Mkuu wa loji, Gualtiero Lazzerini, muuza dawa, Fosco Cattani, mwalimu wa kuchora, Ezio Corsi, tarishi wa posta, Brunero Dell'Amico, mwendesha mikokoteni ya ng'ombe, na Amleto Bertoloni, fundi cherehani, aliyelinda mlango.

Hao ni sita. Loji, yaani kikao cha udugu wa siri wa Frimasoni, haifunguliwi na watu pungufu ya saba. Lakini Bertoloni alisikia hodi ya ndugu mara sita, akafungua mara sita; pamoja naye, saba. Alipoulizwa kama wametimia, akajibu wametimia. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa kuwaogopa mashati meusi, wanamgambo wa Kifashisti, mshumaa ulikuwa mmoja, na hakuna aliyehesabu vichwa.

Cattani ndiye aliyeanza kusikia harufu. Karakana ile hunuka vumbi kavu. Siku hiyo ilinuka tope bichi la mawe, lile la bwawa la misumeno ya kukatia marumaru, alimookotwa Ulderigo Menconi, ndugu yao wa saba, wiki tatu nyuma akiwa amefungwa mikono. Menconi alikuwa amejificha kijijini Colonnata kwa shangazi yake, na maficho yale yalijulikana na ndugu hawa sita tu. Aliyemsaliti Menconi angeweza kuwasaliti wote. Cattani alikuwa na mke na binti wawili. Alikuja siku hiyo ili amjue mtu huyo, basi.

"Unasikia harufu hiyo?" alimnong'oneza Lazzerini.

"Mvua hiyo, Fosco. Pua yako siku zote imeitangulia akili."

Cattani alitulia. Lazzerini ndiye aliyemleta katika udugu, akamshika mkono na kumwongoza hatua kwa hatua siku aliyoingizwa akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Ukafika wakati wa mfuko wa mapendekezo. Kila ndugu huvua glavu nyeupe ya kulia, akailaza gotini, akatia mkono umefumbwa na kuutoa umefumbuliwa, mwenye karatasi na asiye nayo, ili isijulikane nani ameweka nini. Corsi aliuzungusha mfuko, akinung'unika kuwa leo una uzito.

Cattani alitia mkono, na mle ndani, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu ila kitambaa, akakutana na mkono mwingine, wa baridi, uliolowa, uliomshika kwa mshiko wa siri wa ndugu, taratibu kama mtu anayesalimia, na kidole chake cha shahada kiliishia nusu, kama kilivyoishia cha Menconi tangu patasi ilipomkata, kisha ukamwachia. Corsi akausogeza mfuko kwa Lazzerini.

Lazzerini alishika ukingo wa mfuko, akausukuma kwa Dell'Amico.

"Ndugu Gualtiero," alisema Vatteroni, "mkono wako haujaingia."

"Sina pendekezo."

"Asiye nalo pia huingiza. Unajua."

Lazzerini akaingiza vidole, kisha kiganja, na mfuko ukammeza hadi kiwiko, akavuta na Corsi akavuta, na hakikutoka kitu ila sauti ya maji yanayodondoka sakafuni, tone baada ya tone, huku harufu ya tope ikijaa hata mshumaa ukawa mdogo kama punje, na Dell'Amico akanong'ona kwamba huyo ni pepo, aitwe padri, na Corsi akamuuliza ni padri yupi atakayekuja kwa Frimasoni.

"Mashati meusi walikuja dukani," Lazzerini alisema chini chini. "Wakawataja wanangu kwa majina. Niliwapa Ulderigo."

Mkono ukaachiwa. Ulikuwa mweupe kwa tope hadi kiwikoni.

Cattani alimgeukia. "Mimi nilikufuata nimefungwa macho," alisema. "Na mwingine? Umemtaja nani mwingine?"

"Jina moja tu, la Ulderigo. Naapa kwa wanangu."

Vatteroni aliumimina mfuko mezani. Ikaanguka glavu iliyolowa, kidole cha shahada kimeshonwa kifupi. Bertoloni aliitambua: ni yeye aliyeishona, na ni yeye aliyemvisha Menconi ndani ya jeneza. Kisha ikaanguka ya pili, kavu, yenye alama ya kuungua pindoni. Vatteroni alipapasa goti lake. Glavu yake ya kulia haikuwapo.

"Itakuwa ilidondokea humo," alisema, akaivaa.

Bertoloni alimfungulia Lazzerini mlango, naye Lazzerini akatoka bila kofia. Harufu haikutoka naye; ilibaki kwa Vatteroni.

Jumanne tarehe 16 Novemba, saa moja asubuhi, Ottorino Vatteroni aliokotwa amekufa katika bwawa la misumeno, amefungwa mikono kama Menconi: Lazzerini alikuwa ametaja majina mawili.