Duka Bandia Kwenye Tableti ya Jepkemei

Jepkemei na mumewe Kibii wanaishi Rhonda, Nakuru. Asubuhi Jepkemei hukaanga mandazi na kuyauza. Jioni husoma. Aliacha shule akiwa msichana, na sasa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Kibii alimnunulia tableti ya kusomea vitabu. Ilikuwa ya mtumba, na mmiliki wa kwanza alikuwa ameibadilishia mfumo wa kuiendesha. Vitabu vilifunguka vizuri. Lakini Jepkemei alipotaka programu ya hesabu, duka la programu lilikataa. Liliandika: "Kifaa hiki hakijaidhinishwa."

Akaipeleka mjini kwa fundi anayeitwa Jerry.

"Nipe barua pepe yako na neno la siri, mathe. Hiyo ni kazi ndogo."

Jepkemei akampa. Jerry akaweka duka lingine, kutoka kwa linki aliyotumiwa na rafiki.

Jumapili, picha chafu zikaingia kwenye barua pepe za akina mama wa kanisa. Zilitoka kwa barua pepe ya Jepkemei. Mwenyekiti wao akapiga simu.

"Jepkemei, umetutumia nini hiki?"

Jepkemei akamweleza Kibii yote kwa hasira.

"Nani alikwambia utoe neno la siri?" Kibii akafoka.

"Na nani aliniletea kitu cha kubahatisha?"

Jirani yao Sitati, anayefundisha kompyuta chuoni, alisikia kelele akabisha hodi, wakamwonyesha tableti.

"Kwanza badilisha neno la siri, kwa simu yako, sasa hivi," alisema. "Lile duka ni bandia. Linaiba akaunti."

"Na hili la kweli mbona linanikataa?"

"Tableti ikibadilishwa, wenye duka hawaijui tena. Lazima uisajili. Ina namba yake ya usajili. Unaiandika kwenye ukurasa rasmi wa wenye duka, ukitumia akaunti yako mwenyewe. Ni bure. Lakini tufute kila kitu kwanza, kwa sababu ukifuta, namba hubadilika."

Jepkemei akabadilisha neno la siri, kisha wakafuta. Jepkemei akaandika namba kwa mkono wake mwenyewe. Wakasubiri, wakazima, wakawasha. Duka likafunguka.

"Mambo ya benki usiweke humu," Sitati akaonya. "Kifaa kilichobadilishwa si cha kuaminiwa sana."

Programu ya hesabu iliingia. Hasira haikutoka. Kesho yake Jepkemei alikuwa mbele ya kibanda cha Jerry.

"Umenivunjia heshima kanisani!"

"Pole, mathe. Hata mimi nilitumiwa tu hiyo linki."

"Umewawekea wangapi?"

Jerry akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nimeuliza, wangapi?"

"Wengi."

"Basi wapigie. Waambie wafute hilo duka na wabadilishe maneno yao ya siri. Nasikiliza."

Wateja wengine waligeuka kumtazama. Jerry akachukua simu. Jepkemei akavuta stuli, akaketi mlangoni, na hakuondoka mpaka mtu wa mwisho alipopigiwa.