Kificho cha Kumi na Nne

Gurudumu la mbele lilizama kwanza. Mpimaji hakuliona korongo, kwa kuwa tufani ya vumbi ilikuwa imeufunika uwanda wote wa chumvi tangu saa nne asubuhi, naye kwa muda wa dakika ishirini alikuwa akiendesha kwa kufuata mshale wa kifaa chake cha setilaiti badala ya macho yake. Gari liliinama, likasita, kisha likabingirika mara moja na kutua kwa ubavu chini ya korongo. Nyuma yake ilisikika milio miwili ya kupasuka, na baada ya hapo ikafuata sauti asiyotaka kuisikia msafiri yeyote wa jangwani: maji yakimwagika taratibu, yakinywewa na mchanga.

Shemeji yake alitoka kwanza kupitia dirishani. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mjane wa mdogo wake Mpimaji, mwanamke asiyepiga kelele hata pale ambapo kelele zingesamehewa. Alimvuta nje, akamkalisha kivulini mwa gari, akamtazama paji la uso.

"Usiguse."

"Ni mkwaruzo tu, shemeji."

"Mkwaruzo unaoonyesha mfupa? Kaa hapo." Akaenda kuyakagua madumu mawili waliyopakia nyuma, akarudi akitikisa kichwa. Yote mawili yalikuwa yamepasuka. Kilichobaki ni chupa ya lita moja na nusu iliyokuwa miguuni mwake. Aliifungua, akaanza kumwosha kidonda.

"Usimwage maji hayo!"

"Kidonda chenye mchanga na chumvi nacho hakingoji. Isitoshe, huko mbele maji si yapo? Mwezi wa tatu uliniambia umeyajaza mwenyewe."

Mpimaji alifungua kinywa. Upepo ulikuwa ukipuliza, damu ilikuwa ikimwingia jichoni, na shemeji yake alikuwa akimtazama kwa ile imani ambayo watu wote walimtazama nayo kwa miaka hamsini na minane ya maisha yake.

"Yapo," alisema.

Maji yalipita juu ya kidonda na kudondoka chini. Theluthi nzima ya chupa ikapotea.

Mchezo uliowaleta huku ni mchezo wa watu wazima wenye subira. Mtu huficha kopo lenye daftari mahali anapopajua mwenyewe, hutangaza vipimo vya mahali hapo mtandaoni, na wengine hulisaka kwa kifaa cha setilaiti. Anayelipata hutia saini na kulirudisha, kisha jina lake huongezewa moja katika orodha ya wachezaji. Mpimaji alikuwa na vificho mia tisa tisini na tisa, kila kimoja kimeandikwa kwa tarehe, saa na hali ya hewa. Mdogo wake marehemu ndiye aliyemfundisha. Huyo aliacha vificho kumi na vinne vya kutunzwa, na cha kumi na nne alikiweka katikati ya uwanda huu, chini ya rundo la mawe, na kando yake madumu mawili ya maji kwa ajili ya yeyote atakayefika. Wasimamizi wa mchezo walikikubali kwa sharti hilo moja: maji yawepo daima.

Mdogo wake alipofariki, Mpimaji alichukua neno la siri la akaunti yake na kuendelea kuvitunza kwa jina la marehemu. Miaka minne sasa, katika orodha, marehemu alikuwa hajapata alama nyekundu ya onyo hata moja. Safari hii wasimamizi walitaka picha ndani ya siku thelathini, la sivyo kificho kifutwe. Muuguzi aliposikia, alivaa viatu vyake vya safari bila kuulizwa. Ndani ya lile daftari kulikuwa na mwandiko wa mumewe.

Kutoka korongoni hadi barabara ya lami waliyoiacha ilikuwa kilomita hamsini na mbili. Hadi kwenye kificho, kumi na moja. Simu hazikuwa na mtandao, na hakuna aliyewatarajia kabla ya siku tatu.

"Tunaenda kwenye maji," Muuguzi alisema. "Tunapumzika huko, jua likipoa tunaangalia la kufanya."

"Magharibi ya kificho kuna kiwanda cha chumvi," Mpimaji alisema. "Kilomita kumi na nane, nyuma ya mwinuko. Hakionekani, lakini nakijua. Kificho kiko njiani."

Hilo lilikuwa kweli, na alilishikilia kama mtu ashikaye ukuta gizani.

Vumbi lilipotua walianza kutembea. Ukoko wa chumvi ulivunjika chini ya nyayo zao kama vigae, na chini ya ukoko kulikuwa na tope la kijivu lililonata hadi kwenye vifundo. Weupe wa ardhi ulirudisha jua usoni. Baada ya saa moja midomo yao ilikuwa imekauka. Baada ya saa mbili hakuna aliyetoka jasho linaloonekana. Muuguzi alimnywesha kila nusu saa, naye akanywa.

"Kunywa vizuri, usinionee haya. Wewe hata kuumia unaumia kwa vipimo."

"Nimeshakunywa."

"Umelowesha mdomo. Kunywa, mbele yapo."

Kila aliposema hivyo, Mpimaji alihesabu hatua mia moja na kujiambia kwamba hatua ya mia moja atasema. Ikifika, alianza upya.

Ndipo alipozisikia hatua nyingine. Zilikuwa nyuma yao, mbali kidogo, zikivunja ukoko kama zao. Akisimama, zilisimama baada ya kitambo kifupi, kama mtu aliyechelewa kugundua. Aligeuka mara tatu, akaona weupe tu, na juu ya weupe hewa iliyotetemeka.

"Na wewe unazisikia?" Muuguzi aliuliza bila kugeuka.

"Ni chumvi. Hupasuka kwa joto."

"Basi chumvi hiyo inachechemea."

Mpimaji alisikiliza. Hatua moja nzito, nyingine ya kuburuta. Nzito, ya kuburuta. Ngozi ya mgongo ilimsisimka katikati ya joto lile.

Zikiwa zimebaki kilomita nne, Muuguzi aliinua chupa dhidi ya mwanga. Ndani yalibaki mafunda manne, labda matano. Akamnyooshea.

"Malizia. Wewe ndiye uliyetoka damu."

Aliiangalia chupa ile, kisha akaangalia mkono ulioishika, ukoko wa chumvi ukiwa umejaa kwenye mikunjo ya vidole.

"Ifunge, shemeji. Huko hakuna maji."

Hakuelewa mara moja. "Yamekauka?"

"Sikuwahi kuyajaza. Sijawahi kufika. Nimekuwa nikiandika tu, nyumbani, mezani kwangu: kimekaguliwa, maji yamejaa."

"Mara ngapi?"

"Kila robo mwaka. Mara kumi na sita."

"Kwa jina la mume wangu."

"Kwa jina lake."

Muuguzi aliifunga chupa polepole, akaikaza hadi plastiki ikalia.

"Vile kumi na vitatu vingine nilivikagua kweli," Mpimaji alisema. "Bila kukosa hata kimoja."

"Sikukuuliza hivyo." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wewe! Wewe uliyemfukuza kazi karani kwa kuongopa sentimita tano. Ukakaa sebuleni kwangu, siku arobaini mume wangu hajafikisha, ukatuhutubia habari ya neno la mtu. Na asubuhi hii umeniacha nikuoshe uso kwa maji ya kunywa."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema pale?"

"Niliona aibu."

"Uliona aibu," Muuguzi alirudia, kama mtu anayeandika jina la ugonjwa kwenye kadi ya mgonjwa. Kisha akatangulia.

Walilifikia rundo la mawe jua likiwa limeanza kuegemea. Dumu moja lilikuwa limechanika kwa jua. La pili lilikuwa limelazwa juu ya jiwe, mdomo chini, kifuniko kimewekwa kando yake kwa uangalifu. Mtu alikuwa ameligeuza ili litoe tone la mwisho.

Sanduku la chuma lilikuwa pale pale. Muuguzi alilifungua, akatoa daftari kutoka mfuko wa nailoni, na kwenye ukurasa wa kwanza akakuta herufi zile za kulalia upande wa kushoto alizokuwa akizikuta kwenye karatasi za sokoni, kwenye bahasha, kwenye mlango wa jokofu. Aliweka kiganja juu yake. Baada ya hapo zilifuata saini saba, zote za enzi za uhai wa mumewe. Kisha iliyofuata.

Aliisoma kwa sauti, maana Mpimaji hakuweza kusogea.

"'Nimefika saa saba mchana. Madumu ni makavu. Nilimwandikia mtunzaji kabla sijaondoka, akanijibu yapo. Pengine yameibwa, simlaumu. Nimeteguka mguu, natembea polepole. Upande wa kaskazini nauona mnara, bila shaka pana watu. Naelekea huko. Kificho changu cha elfu mbili mia tatu na sita. Kipanga.'" Akaangalia tarehe. "Miezi minane iliyopita. Nani aliyemjibu? Mume wangu alikuwa kaburini."

"Ni mimi."

"Na huyu Kipanga?"

Mpimaji alimjua kwa jina hilo la mchezo tu, kama wachezaji wote. Alikuwa wa nne katika orodha ya nchi nzima. Miezi minane hesabu yake ilikuwa imesimama kwenye elfu mbili mia tatu na tano. Kulikuwa na tangazo: aliyemwona Kipanga aijulishe familia, hakuaga anakokwenda. Mpimaji alilisoma tangazo hilo asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, akalifunga. Tangu siku ile hakuwahi kulala usiku mmoja bila kuliona likifunguka lenyewe.

Alimweleza yote hayo kwa sentensi fupi fupi.

"Na mnara?" Muuguzi aliuliza. "Kuna nini huko?"

Upande wa kaskazini, mbali kabisa, kijiti cheusi kilisimama katika hewa iliyoyeyuka.

"Nguzo ya upimaji. Nimeisimamisha mimi, miaka thelathini iliyopita. Hakuna kitu pale. Ni zege na bamba la chuma."

Ndani ya sanduku kulikuwa na kalamu. Hakuna aliyeigusa. Muuguzi alilitia daftari mfukoni mwake mwenyewe, na alipoinua uso alimkuta Mpimaji amesimama, ameelekea kaskazini.

"Wewe nenda magharibi," alisema. "Chukua kifaa na chupa. Fuata mshale hadi mwinuko, ukishuka utaona mashimo ya chumvi. Mimi naenda kwake."

"Unampelekea nini?"

Alipiga hatua ya kwanza.

"Miezi minane, shemeji. Unampelekea nini? Maji?" Alimshika ukosi wa shati kwa mikono yote miwili, mikono iliyozoea kuwageuza watu wazito vitandani. "Nakujua. Unataka kufa pale ili usiulizwe. Watasema mzee alikuwa mtu wa heshima, alikwenda kumtafuta mwenzake. Hapana. Utatembea magharibi. Utafika. Utaulizwa na utajibu."

Upepo ulikuwa umekoma. Kwa mbali, upande wa kaskazini, ukoko ulivunjika mara moja, kisha ukaburutwa.

Mpimaji aligeuka magharibi.

Walitembea hadi jua likazama na baada ya kuzama. Baridi iliyoshuka juu ya chumvi iliwasaidia kuliko walivyostahili. Waligawana mafunda yale kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa saa. Mpimaji alianguka mara mbili, na mara zote mbili Muuguzi hakumbembeleza, alingoja tu. Hatua zilikuwa nao njia nzima. Hawakuzizungumzia tena, ila kwenye mwinuko, bila kuambiana, wote wawili walipunguza mwendo.

Kulipopambazuka walikuwa juu ya ukingo wa mashimo ya chumvi, na trekta jekundu lilikuwa likiwajia. Dereva aliruka chini kabla halijasimama.

"Mnatoka wapi nyinyi? Huko si mahali pa watu!"

Aliwakalisha kwenye kivuli cha gurudumu, akafungua birika la maji, akajaza vikombe vitatu vya bati na kuvipanga juu ya tela.

"Polepole, mtatapika. Na yule mwenzenu anayechechemea, mbona mmemwacha nyuma? Nilimwona toka kule chini."

Walitazamana. Hakuna aliyegeuka. Kikombe cha tatu kilibaki pale kimejaa hadi ukingoni, maji yakitikisika kwa mngurumo wa injini, na dereva, aliyekuwa mtu mwelewa, hakukimwaga.

Kipanga alipatikana siku ile ile alasiri, chini ya nguzo, upande ule wa kivuli cha asubuhi. Alikuwa amevua viatu na kuviweka sambamba.

Baada ya siku tano mkewe alifika kituo cha polisi. Chumba kilikuwa kidogo: meza moja, kabati la majalada, feni iliyogonga kila ilipozunguka. Muuguzi aliketi ukutani na daftari mapajani. Mpimaji, bendeji kichwani, aliinuka mwanamke yule alipoingia, na hakuketi tena.

Mke wa Kipanga alikuwa na simu ya mumewe iliyofufuliwa kwa chaja. Aliisogeza mezani, akaonyesha ujumbe. Swali la mumewe lilikuwa na mistari mitatu. Jibu lilikuwa neno moja.

"Huyu aliyejibu," alisema, "wameniambia alifariki miaka minne iliyopita."

"Aliyejibu ni mimi."

"Ulikuwa umeyaona hayo maji?"

"Sikuyaona. Sikuwahi kufika."

Mwanamke aliigeuza simu kifudifudi. Hakulia. "Kwa miezi minane nilijua ametuacha," alisema. "Watoto niliwaambia hivyo. Niliwaambia baba yenu ametuacha." Kisha akamgeukia afisa. "Aseme tena. Wewe uandike."

Afisa alivuta karatasi safi, akajaribu kalamu pembeni, akauliza maelezo hayo ayaandike kwa jina la nani.

Mpimaji akataja lake.