Gari la Babu Linachemsha

Sogeeni hapa, niwape habari za Sekela wa Tukuyu. Tukuyu kuna mvua, kuna baridi, na siku hizo kulikuwa na huzuni pia.

Babu alikuwa amekufa. Bibi alibaki peke yake, kule juu mlimani.

Sekela alitaka kulia. Lakini msibani watu wazima walimwambia, "Nyamaza, Sekela. Wewe ni mkubwa sasa."
Sekela akanyamaza. Koo likamuuma.

"Mama, Bibi analala na nani?"
"Peke yake, mwanangu. Twende tukalale naye."

Wakapanda gari la bluu, gari kuukuu la Babu. Vruum, vruum! Wakaanza kupanda mlima.

Mara, fsssss! Mvuke mweupe. Chururu, chururu, maji yakamwagika.

"Gari linamlilia Babu," akasema Sekela.
"Gari linachemsha," akasema Mama. "Leo hatufiki."

Walingoja lipoe, wakarudi nyumbani polepole.
Sekela akanyamaza. Koo likamuuma.

Asubuhi Mama alichukua spana za Babu. Kri, kri, kri! Akatoa kidude cha duara kwenye injini.

"Hii ni themostati," akasema Mama. "Ni mlango wa maji. Injini ikipata moto, mlango unafunguka. Maji yanapita, injini inapoa."
"Na huu haufunguki?"
"Tuupime. Baba yangu alinifundisha."

Mama akaweka sufuria ya maji jikoni. Akatumbukiza themostati ya zamani, na mpya aliyoinunua dukani. Sekela akatazama kwa mbali.

Tok, tok, tok, maji yakachemka. Themostati mpya ikafunguka. Ya zamani, wapi! Ilibaki imefungwa.

"Masikini," akasema Sekela. "Imejibana tu."

Mama akacheka. Kisha akalia.

"Nyamaza, Mama. Wewe ni mkubwa."
"Sinyamazi, Sekela. Namlilia baba yangu. Na wewe lia."

Sekela akalia. Alilia mpaka kamasi zikamtoka. Koo likaacha kuuma.

Mama akaifunga themostati mpya kwenye injini, akaongeza maji. Vruum, vruum! Mlima ukaja. Sekela akakodoa macho.

Hakuna fsssss. Hakuna chururu. Gari likapanda, likapanda, likafika.

Bibi alisikia gari, akatoka mbio. Akatazama kiti cha dereva. Alikuwa Mama, si Babu.

"Shikamoo, Bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Bibi. Akafunika uso kwa kanga. "Samahani, ngoja ninyamaze."
"Usinyamaze, Bibi. Lia tu. Mimi nipo."

Jioni walikula ndizi na maharage. Kisha Sekela akapanda kitandani kwa Bibi, akalala upande wa Babu.

Walimzungumzia Babu kidogo. Wakalia kidogo. Kisha Bibi, ambaye hakuwa amepata usingizi siku nyingi, akaanza kukoroma.