Kipimamoyo Kilipowaka Manjano

Kipimamoyo kilikuwa kimewaka kijani tangu asubuhi, na Raya alikuwa karibu kukisahau, mpaka mumewe alipouliza huku akimenya viazi, "Leo umezungumza na Mama?"

"Nimezungumza naye. Hajambo. Anakusalimu."

Ukutani, juu ya meza ya kulia, kioo cha mviringo cha kipimamoyo, kilichotoshana na kisahani cha kahawa, kikaanza kubadilika. Kijani kilififia pembezoni, kikarudi nyuma kuelekea katikati, na nafasi yake ikachukuliwa na manjano mazito kama bizari iliyomwagiwa maji. Hakikutoa mlio wowote. Mwanga wake tu uliangukia sahani, vikombe, na mikono ya Faki.

"Kimeanza tena," Faki alisema. "Nadhani hakimpendi mama yangu."

Alicheka. Raya naye akacheka, lakini kicheko chake kilizidisha manjano, ikabidi anyamaze na kujifanya anatafuta chumvi.

Katika mji wa Torvala, kila mume na mke waliotoka nchi za mbali walifungiwa kipimamoyo ukutani kwa msimu wao wa kwanza. Mji huo ulichimbwa chini ya barafu, ukapewa jua la taa na hewa ya mitambo, nao ulihitaji watu wa kuihudumia mitambo hiyo. Raya alikuwa mhandisi wa mapafu ya mji, yaani zile pampu kubwa zilizovuta hewa chafu na kurudisha safi. Alipewa mkataba, na mumewe akaruhusiwa kumfuata. Lakini zamani Torvala ilikuwa imeingiza watu wengi waliooana uwanja wa ndege tu, wasionane tena baada ya kugongewa muhuri. Ndipo wataalamu wake wakaunda chombo hiki.

Kipimamoyo hakikuelewa maneno wala hakikuyahifadhi. Kilipima pumzi, joto la ngozi, mapigo ya moyo, na ule mtetemo mdogo wa koo ambao mtu hawezi kuutawala. Watu wakiwa wazi, kiliwaka kijani. Mmoja akificha jambo linalomhusu msikilizaji wake, kiliwaka manjano. Hakikubagua sauti. Hata ya simu, mradi imeingia chumbani, ilipimwa. Shangazi yake Raya aliwahi kupiga simu akisema mwezi mzima hajaonja nyama, chumba kizima kikawa manjano, na Faki akalazimika kutoka mbio ili asisikike akicheka.

Kanuni za msimu huo zilikuwa chache na ngumu. Mume na mke wakiwa nyumbani pamoja, wasizungumze mbali na kipimamoyo. Wakifanya hivyo huhesabiwa utoro, na alama za kupata kibali cha makazi hushuka. Na yeyote atakayetoka Torvala kabla ya kupata kibali, hafunguliwi mlango tena kwa miaka mitano.

Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyomfunga Raya ulimi.

Bi Mize, mama yake Faki, alikuwa mgonjwa kule Pemba. Figo zilikuwa zimechoka. Alimpigia Raya mwenyewe, saa za kazi, Raya akiwa katikati ya mitambo, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza nazi sokoni.

"Usimwambie mwanangu. Namjua, atakuja. Atakuja, na huo mlango wenu utafungwa nyuma yake, na wewe utabaki peke yako kwenye mabarafu hayo. Sikumwoza mwanangu ili nije niivunje nyumba yake kwa maradhi. Niahidi, Raya."

"Lakini Mama..."

"Mkipata hicho kibali, mwambie. Nitamngoja. Mimi siendi popote."

Raya akaahidi. Hakuona ajabu yoyote, kwa kuwa alikua akiona watu wazima wakifanya hivyo. Mtu akiwa ugenini haletewi habari nzito kwa simu. Huambiwa mgonjwa ana mafua, huambiwa njoo tu kuna shughuli, mpaka afike, akalishwe, aketi katikati ya watu wake, na mmoja amshike mkono. Kwao huo haukuwa uongo. Ilikuwa ni kumbebea mtu mzigo mpaka afike mahali pa kuutua. Faki mwenyewe aliwahi kumbebea hivyo binamu yake aliyekuwa Muscat.

Kipimamoyo hakikuwa na rangi ya jambo hilo. Kilikuwa na manjano tu.

Afisa wa makazi, Bi Elke Rosvall, alifika siku hiyo hiyo jioni, taa za mji zilipoanza kupunguzwa. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye soksi za sufu. Kwenye kola yake alibandika kikalimani, kifungo kidogo kilichoyageuza maneno yake kuwa Kiswahili kilichonyooka mno. Faki alimkatia mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe baada ya kuunguza mitatu ya kwanza katika jiko la kigeni.

"Huu ni mtamu," Bi Elke alisema. "Naomba kipande kingine."

Alikula, akajifuta vidole, kisha akashusha pumzi.

"Sipendi nilichokuja kusema. Kijani chenu ni kizuri sana. Nimeona ndoa za watu wazee zisizo na kijani kama hiki. Lakini mna manjano mengi, na yote yanatoka upande mmoja." Alimgeukia Raya. "Yanatoka kwako."

Faki aliweka kisu chini. "Mashine hukosea."

"Hukosea mara chache. Jambo linalofichwa linakuhusu wewe, bwana. Katika uzoefu wetu, mara nyingi ni mwanamume mwingine. Au ni makubaliano ya malipo."

"Mke wangu hanifichi kitu," Faki alisema.

Kioo kikawaka kijani kitupu. Aliamini alichosema, na ukuta mzima ulishuhudia kwamba aliamini. Raya aliuangalia mwanga ule akatamani angetukanwa.

"Basi aiseme siri hiyo hapa," Bi Elke alisema taratibu. "Kipimamoyo kitathibitisha. Akikataa, nitaandika kwamba ndoa haikuthibitika. Yeye ana mkataba, atabaki. Wewe utaondoka kwa ndege ya kwanza."

"Naweza kumwambia tukiwa wawili?" Raya aliuliza. "Chumbani? Nje?"

"Samahani. Faragha haipimiki."

Raya alitazama mikono yake. Kulikuwa na njia mbili, na alizipitia zote kwa pumzi chache. Akinyamaza, Faki atarudishwa Pemba, na huko atamkuta mama yake. Atamkuta akiwa hai, pengine, na amuuguze. Lakini atakwenda akiamini kwamba mkewe alikuwa na mtu mwingine, na hataweza kurudi kuuliza. Akisema, atabaki naye, lakini habari itakuwa imemfikia mbele ya mgeni, mdomoni ana mkate, ndugu yake hata mmoja hayupo wa kumshika bega.

"Raya," Faki aliita. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sema basi. Ni nini?"

"Mama anaumwa," Raya alisema. "Figo. Sio jana wala juzi, ni tangu tulipofika. Aliniapisha nisikwambie mpaka tupate kibali. Alijua utakwenda."

Kijani kilichowaka hawakuwahi kukiona. Kilijaa chumbani mpaka weupe wa sahani ukapotea.

Bi Elke alikunja mikono kifuani kwa furaha. "Hongereni!" kikalimani kikatangaza. "Hongereni sana, ndoa imethibitika!" Kisha alimwona Faki, ambaye alikuwa amesimama ameshikilia ukingo wa meza, na furaha ikamtoka usoni. "Pole," alisema. Kikalimani kikaitamka kwa sauti ile ile ya hongera.

Mlangoni alieleza kwa kunong'ona kwamba alama zingefungwa kesho asubuhi, kisha kibali kingetoka, na Faki angeweza kwenda kwao na kurudi apendavyo. "Mpaka hapo kanuni ni zile zile. Tafadhali, msiharibu kwa usiku mmoja."

Alipoondoka, Faki hakuketi.

"Umeniambia mimi," aliuliza, "au umekiambia kile?"

"Nimekwambia wewe."

Pembeni mwa kioo kukaingia manjano. Si mengi, ila yalionekana. Faki aliyatazama, akamtazama mkewe, na Raya akahisi amevuliwa nguo hadharani.

"Haya," alisema, machozi yakimtoka. "Nimekiambia chenyewe. Niliogopa uondoke ukidhani nina mwanamume. Ndiyo sababu. Furahi."

Manjano yakaondoka. Jambo hilo la kweli likabaki katikati yao.

"Mwanamume gani," Faki alisema hatimaye, "atakutaka ukoromavyo hivyo?"

Raya alicheka kwa kulia. Faki akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu anayeogopa kuanguka. "Usinifiche tena," alimwambia nyweleni. "Hata kama ni Mama ndiye amekuapisha. Nikiumia, niumie na wewe."

"Sikufichi tena."

Kijani.

Kisha Faki akapiga simu nyumbani, akaiweka wazi juu ya meza ili wote wawili wasikie. Aliyepokea hakuwa Bi Mize. Alikuwa Shaame, mdogo wake.

"Kaka!" Shaame alisema. "Tulikuwa tukikutaja sasa hivi."

"Nimeshaambiwa kila kitu, Shaame. Usihangaike kuficha. Nipe Mama."

Upande wa pili kulisikika watu wengi, na sufuria kubwa likiburutwa sakafuni. "Mama amelala, Kaka. Amepata nafuu kidogo. Tusimwamshe."

"Mbona kuna watu?"

"Majirani. Wamekuja kumtazama tu. Wewe njoo, Kaka. Ukipata ndege ya karibu, njoo."

Faki alikuwa amegeukia dirishani, akiangalia roboti za usafi zikikwangua barafu kwenye dari la mji. Hakuuona ukuta. Raya aliuona. Rangi ya bizari ilitoka katikati ya kioo ikasambaa haraka, ikajaa, ikamwagikia meza na simu yenyewe.

Kabla hajafikiri, alikuwa ameshasimama mbele ya kioo. Aliupa mgongo ukuta, akatanua mabega, na kivuli chake kikaifunika meza.

"Mwambie nakuja," Faki alikuwa akisema. "Akiamka mwambie, Shaame. Kesho nikishika kibali tu naanza safari."

"Nitamwambia, Kaka."

Simu ikakatika. Faki aligeuka, uso wake ukiwa na nuru ambayo Raya hakuwa ameiona tangu walipofika. "Umesikia? Amelala. Amepata nafuu. Nitamkuta, Raya."

Raya hakusogea. Angeweza kubaki pale mpaka kioo kipoe, na ndivyo Shaame angependa, na ndivyo hata yeye alivyofunzwa. Faki angesafiri kwa amani, angefika, angeona mikeka uani, na watu wangemdaka. Au angeweza kusogea hatua moja pembeni, mashine iseme. Kulikuwa na ahadi aliyoitoa muda mfupi uliopita, ikingali na joto lake.

Alimshika mkono. "Twende nje."

"Nje wapi? Kitatuandikia utoro. Kesho asubuhi tu, Raya, tusubiri kesho."

"Kiandike."

"Tutakosa kibali!"

"Faki, twende."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake ambacho hakikuhitaji chombo. Faki aliacha kubisha. Raya alimpitisha akimtazama usoni muda wote ili naye amtazame yeye, akafungua mlango, wakatoka kwenye ngazi za jengo, akaufunga nyuma yao. Hapo palikuwa na tundu la mapafu ya mji, na hewa ya uvuguvugu iliwapuliza miguuni. Alitandika koti lake kwenye kidato. Hapakuwa na ndugu wala jirani. Palikuwa na yeye tu, na ilibidi atoshe.

"Kaa kwanza," alisema.

Faki aliliangalia koti. Alikuwa mtoto wa Pemba, na alijua ni nani huambiwa maneno hayo: aliyefiwa. Alikaa, na Raya akakaa ubavuni mwake, akaichukua mikono yake yote miwili.