Alama za Bure

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kiherehere alijilaza kwenye kochi akajifanya mgonjwa. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu hakuwahi kutulia. Dada yake, mwanafunzi wa uuguzi aliyejiandaa kwa mtihani wa wodini, aliingia, akajitambulisha, akauliza maswali yake kutoka kwenye karatasi. Kiherehere alishika karatasi ya alama: amesalimia, amesikiliza, ameeleza dawa. Akili yake ikiwa nje kwa wenzake waliokuwa wakiruka kamba, aliweka alama ya vema kwenye kila mstari hata kabla dada hajamaliza.

Siku ya mtihani wodini, dada alirudi macho mekundu. Alikuwa ameshindwa. Mkufunzi alisema anaongea na karatasi, si na mgonjwa. Mgonjwa wake, bibi wa watu, alilalamikia kizunguzungu mara mbili, naye akaendelea na swali lililofuata. Angerudia Ijumaa. Akishindwa tena, ni kurudia mwaka mzima.

"Nyumbani sikukosa hata alama moja," dada alimwambia mama.

Kiherehere aliacha chakula chake. Aliinuka, akafagia ua uliokwisha kufagiwa, akaingia, akatoka. Dhamiri ilimsuta hadi akashindwa kuvumilia, akamfuata dada chumbani.

"Dada, zile alama nilikuwa naweka tu ili niwahi kucheza. Ukiuliza, husubiri jibu. Juzi nilikwambia mguu unauma, ukaniambia vizuri sana."

Dada alinuna. Kisha akamtupia karatasi ya alama. "Lala hapo. Ukinipa alama za bure tena, tutagombana."

Hawakugombana, ila walikaribia. Kwa siku mbili Kiherehere hakumwachia kosa hata moja. Alhamisi dada aliiweka karatasi yake ya maswali mezani, akavuta kiti, akamtazama, akauliza kama ana maumivu popote. Akasubiri. Kiherehere akajikuta anamweleza habari za jino lililomtesa wiki nzima, jambo ambalo hata mama hakuambiwa.

Ijumaa dada aliingia nyumbani karibu aangushe mlango. Amefaulu!

Mama alicheka, kisha akamgeukia Kiherehere. "Mwanangu, sifa zako za bure zilimponza dada yako, na bibi wa watu akalala na kizunguzungu chake bila kusikilizwa. Ukimpenda mtu, mwambie kosa lake angali nyumbani. Haya, vaa viatu, twende tukaangalie hilo jino."