Amina za Chumba cha Pasi

Jirani yetu alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kati ya kwake na kwetu palikuwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo haya hatukuyaokota barabarani. Tulimwita Mama Chiriku, kwa sababu binti yake wa pekee alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Hata akila, anasimulia.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Mashine zilinguruma, mashuka yakatoka yakifuka mvuke, wanawake wakayakunja wawili wawili, huyu kashika ncha hizi na yule zile, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Saa ya chai waliomba, kama ilivyokuwa desturi yao. Mmoja alitamka, na wengine wakaitikia amina kila alipovuta pumzi. Walikuwa wamezoea kiasi kwamba maneno yenyewe hayakuwa na msikilizaji. Kuna siku msimamizi wao aliteleza ulimi akamwomba Mungu awazidishie madoa, na wote wakaitikia kwa nguvu. Walicheka mpaka chai ikapoa. Lakini amina ile hakuna aliyeidharau. Ukiitikiwa pale, ulijua hauko peke yako.

Mwezi uliotangulia, mtoto wa dada yake Mama Chiriku aliugua homa ya kutisha. Dada huyo naye alikuwa mkunjaji wa mashuka humo humo. Mama Chiriku ndiye aliyemwombea mtoto yule, machozi yakimtiririka, wenzake wakaitikia, na mtoto akapona. Sasa homa ileile ilikuwa imemwangukia Chiriku. Madaktari walimpa dawa wakamrudisha nyumbani, na mchana tulimwangalia sisi wa chumba cha pili. Hakula. Hakusema. Kwa mtoto yule, kunyamaza kulitutia hofu kuliko homa.

"Leo naomba mimi," Mama Chiriku aliwaambia wenzake. Alikuwa bado ameshika ncha za shuka, dada yake ameshika za upande wa pili. Akafumba macho. "Ee Mungu, mwanangu anaponyoka mikononi mwangu. Niachie huyu mmoja."

Akavuta pumzi. Kimya.

Alidhani hawakusikia, akapandisha sauti. Akavuta pumzi tena. Mashine zilinguruma, basi. Alipofumbua macho, msimamizi alikuwa akikodolea macho birika. Mwenzao mmoja, mwenye kikohozi kisichomwacha, alikuwa akichokonoa kucha. Dada yake alikuwa ameibana midomo mpaka imepauka.

"Dada?"

"Nisamehe, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Mganga kaniambia ugonjwa huu ni mmoja, ulitoka kwangu ukahamia kwako. Nikikuitikia, unarudi kwa mwanangu. Na hawa nao wana watoto."

"Umewaambia wote?"

Dada aliziachia ncha zake, shuka likaanguka sakafuni.

Mama Chiriku hakutukana wala hakulia. Alitoka na nguo zake za kazi bila kuaga. Njiani, kilichomuuma hakikuwa yule mganga. Waganga wapo na wataendelea kuwapo. Kilichomuuma ni kwamba walikuwa wamepatana. Walikaa, wakajadiliana, wakakubaliana kumnyamazia, kisha asubuhi wakamwamkia vizuri na kumuulizia hali ya mgonjwa. Na aliyewaongoza alikuwa wa tumbo moja naye! Alikuwa amesalitiwa mchana kweupe, tena akiwa amefumba macho.

Alitukuta kwa mgonjwa, akatushukuru, tukaondoka. Jua la alasiri lilikuwa bado kali dirishani. Alipiga magoti kando ya kitanda akaanza kuomba, maneno yaleyale ya miaka yote, lakini sasa yalikuwa matupu, kama sufuria linalogongwa. Hata hivyo alivuta pumzi, kwa mazoea, akasubiri.

"Amina."

Moyo wake uliruka kwa furaha. Wamekuja! Wamejirudi! Alikimbia kufungua mlango. Uani hapakuwa na mtu, ila nguo kwenye kamba.

"Amina."

Alizijua sauti. Ile nene ya msimamizi. Ile ya mwenye kikohozi. Ile ya dada yake. Zilikuwa chumbani, nyuma ya mgongo wake.

Ndipo alipotambua jambo moja. Yeye hakuwa anaomba. Alikuwa amesimama tu, mdomo wazi. Zilikuwa zinamwitikia mtu mwingine.

Kimya kidogo. Amina. Kimya kidogo. Amina.

Midomo ya Chiriku ilikuwa inacheza.

Mtoto alikuwa ameugeukia ukuta, macho wazi. Mama aliinama akatega sikio. Hakupata hata neno, joto la pumzi tu. Mwenyewe alitusimulia baadaye kwamba mkono ulikuwa tayari, angeweza kumziba mdomo. Lakini alimkumbuka dada yake akiliachia shuka, na hasira ikampanda hadi kooni. Wamemnyima mwanawe neno moja. Neno moja tu, la bure!

Chiriku akavuta pumzi.

"Amina," mama akasema, pamoja nao.

Sisi tuliisikia kupitia ukutani, sauti za watu wengi waliosongamana ndani ya chumba kidogo. Kisha pakawa kimya. Kisha mtoto akaomba uji.

Kesho yake Chiriku alikuwa uani akipiga domo, na mama yake akarudi kazini. Hakuna aliyemtazama usoni. Saa ya chai msimamizi aliomba harakaharaka, akavuta pumzi. Midomo yote ikafunguka kwa pamoja. Hakikutoka kitu. Wakajaribu tena. Wakashika makoo. "Mungu wangu!" ilitoka, "nini hiki?" ilitoka. Neno lile tu halikutoka. Yule mwenye kikohozi akaanza kulia.

Dada yake alimfuata kwenye meza ya pasi.

"Mdogo wangu, homa imemrudia mwanangu tangu jana jioni. Labda wewe unaweza bado. Mimi nitaomba, wewe itikia tu. Nakusihi."

Mama Chiriku aliiweka pasi pembeni. Haki ya kunyamaza alikuwa nayo, na hamu ya kuitumia alikuwa nayo pia, hatutakuficha. Lakini mtoto yule yeye mwenyewe aliwahi kumbeba mgongoni. Akatikisa kichwa kukubali. Dada akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akaomba kwa sauti ya kukatikakatika, akavuta pumzi.

Mama Chiriku akafungua mdomo, kwa moyo wake wote.

"Amina."

Ilikuwa sauti ya dada yake. Ikafuata ya msimamizi, kutoka mdomo uleule. Ikafuata ya tatu, pamoja na kikohozi chake.

Dada alirudi kinyumenyume kwa magoti mpaka akagota kwenye mashine.

"Umeitikia nini?" alinong'ona. "Mdogo wangu, jana uliitikia nini?"

Mama Chiriku alijaribu kukumbuka neno lile lilikuwa na maana gani walipokuwa wakilisema wote pamoja, mashuka mikononi. Alijaribu kweli.

"Sijui, dada," alisema, na hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe.