Dereva wa Zamani Aondolewe?

Kilichomtatiza Mama Pacha mwanzoni kilikuwa herufi moja tu. Aliyetafsiri maneno ya ile programu kwa Kiswahili aliandika "aondolewe" badala ya "iondolewe", utadhani kinachoondolewa ni mtu.

"Fundi," alisema kwenye simu, "kimetokea kisanduku hapa. Kimeandikwa: Dereva wa zamani amepatikana. Aondolewe?"

"Bonyeza Ndiyo, dada yangu. Huyo hafai tena."

Mama Pacha alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ndogo. Siku hiyo alikuwa ameletewa kompyuta mpya, nzuri ya kutazama, lakini haikuweza kusoma hifadhidata, yaani lile ghala la taarifa za wagonjwa lililokuwa kwenye mashine kubwa ya chumba cha nyuma. Ilihitaji dereva, programu ndogo ya kubeba maswali hadi ghalani na kurudi na majibu. Fundi, mvivu wa miguu kama mafundi wengi wa kompyuta, hakuona haja ya kuja. Aliamua kumwelekeza kwa simu.

Sasa, zahanati ile ilikuwa na dereva mwingine, wa nyama na damu, aliyeendesha gari la wagonjwa. Wote walimwita Dereva, hata daktari. Alikuwa mume wa Mama Pacha, na wakati huo alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yake, funguo za gari mapajani, akimenya chungwa.

"Aondolewe nani?" aliuliza. "Mimi?"

Wagonjwa waliokuwa wakisubiri wakacheka, na Mama Pacha hakuwa mtu wa kuuacha utani upite hivihivi.

"Wewe hasa! Umeshazeeka. Ondoka, aje mwingine." Na akabonyeza Ndiyo.

Kioo kiliandika: Dereva wa zamani ameondolewa. Dereva mpya anaingia.

Nyuma yake funguo zilianguka sakafuni. Aligeuka. Benchini palikuwa na chungwa lililomenywa nusu, basi.

"Ametoka saa ngapi?" aliuliza.

"Si alikuwa hapa sasa hivi?" mzee mmoja alijibu, akapapasa benchi kwa kiganja.

Mama Pacha akasonya. Mumewe alipenda kujifanya amenuna ili abembelezwe. Aliirudia kazi yake. Kisanduku kipya kilidai majina. Penye "Mtumiaji" aliandika jina lake, na penye "Neno la siri" aliandika alilopewa na fundi. Chini yake palikuwa na neno "Mwenyeji".

"Hapa kwa mwenyeji niweke nini?"

"Weka jina la..." simu ikakwaruza, ikakatika.

Fundi alitaka kusema jina la ile mashine kubwa. Lakini Mama Pacha alijiuliza, mwenyeji wa hapa ni nani kama si mimi? Na kwa kuwa jina lake alikuwa ameshalitumia juu, aliandika lile la utotoni, ambalo alikuwa akiitwa na marehemu bibi yake peke yake. Hata mumewe hakulijua. Akabonyeza Unganisha.

Ikaunganisha. Taarifa za wagonjwa zilifunguka mara moja, na kutoka kwenye matundu ya kompyuta ikatoka harufu ya yasmini, tamu hadi ikawasha koo. Mlango ukafunguliwa. Dereva akaingia.

"Nilikwenda kuangalia tairi," alisema bila kuulizwa. Alichukua chungwa lake, akalila pamoja na maganda.

Mama Pacha aliliona hilo. Jioni, nyumbani, alianza kumchunguza. Aliitazama miguu yake alipovua viatu, maana sote tumesimuliwa habari za majini na kwato zao. Ilikuwa miguu ya mumewe, hadi ule ukucha uliovunjika. Alitazama kovu la kidevuni, lilikuwapo. Kila kitu kilikuwapo, na hilo ndilo lililozidi kumtia wasiwasi.

Kulwa, mkubwa wa mapacha, alishuka mapajani mwa baba yake akamfuata mama jikoni. "Mama," alinong'ona, "baba hana joto."

Mama Pacha alirudi sebuleni na kitambaa cha kufutia meza, akauliza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Hivi, hawa watoto walizaliwa lini vile?"

Mumewe hakuwahi kuijua tarehe ile. Walikuwa wamegombana juu yake kila mwaka. Lakini mtu aliyekaa kwenye kiti alitaja siku, mwezi na mwaka, akataja saa ya kila mtoto, uzito wa kila mtoto, damu aliyopoteza mama, na jina la muuguzi aliyekata vitovu, yote kwa sauti tambarare, bila kupepesa macho, namna mtu anavyosoma kilichoandikwa. Kisha akatabasamu na kumwita kwa jina la utotoni, lile la bibi, akalivuta mwishoni vilevile bibi alivyokuwa akilivuta, na kitambaa kikamponyoka Mama Pacha, na ile harufu ya yasmini ikajaa chumbani mpaka watoto wakaanza kukohoa, na yeye akabaki amesimama palepale akijua kwa hakika kwamba mume wake hayumo ndani ya nyumba hii na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfukuza kwa mdomo wake akicheka.

Alilala na watoto, mlango umekomewa kwa ndani.

Asubuhi, alipoketi mbele ya kompyuta, feni yake ilikohoa. Haikukwaruza, ilikohoa, ikamalizia na "mh" ndogo kama mumewe. Mama Pacha akaweka sikio kwenye matundu. Ndani kulinukia chungwa.

"Uko humo?" alinong'ona.

"Mh," ikajibu feni.

Alimpigia simu shangazi yake. Shangazi huyu alikuwa mganga, ambaye daktari wa zahanati alimcheka hadharani kisha akamtuma mkewe kwake kimyakimya. Alifika mchana, zahanati ilipofungwa kwa chakula, akaketi mbele ya kompyuta akiwa ameukumbatia mkoba wake.

"Mimi dude hili silijui," alisema. "Nieleze ulichotamka."

Mama Pacha alieleza: aondolewe, ondoka, aje mwingine. Habari ya jina hakuieleza. Aliona aibu, mwanamke mzima kutumia jina la kitoto kwenye mambo ya kazi.

"Ulimtoa kwa mdomo, utamrudisha kwa mdomo. Na huyo mwingine umuage vilevile. Usimtukane. Alikuja kwa sababu aliitwa."

Mama Pacha alitafuta kwenye kompyuta mahali pa kuondolea. Nje, gari la wagonjwa liliunguruma uani, ilhali funguo zake zilikuwa mezani, mbele ya macho yake. Mlango ulifunguka polepole.

"Mliita dereva, nikaja," alisema yule aliyesimama pale na uso wa mumewe. "Nimeendesha vibaya? Kuna swali niliulizwa nikashindwa kulijibu?"

"Usimjibu, mwanangu," shangazi alinong'ona. "Fanya kazi yako."

Kisanduku kikatokea. Dereva aondolewe?

"Ondoka," Mama Pacha alisema. "Namtaka mzee wangu, na usahaulifu wake." Ndiyo. Dereva wa zamani arejeshwe? Ndiyo, Ndiyo, alibonyeza mpaka kidole kikauma.

Gari lilizimika. Harufu ya yasmini iliwapita kwa nguvu, ikapeperusha pazia. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kwenye benchi, mumewe alikuwa amelala chali, jasho linamtiririka.

"Kulikuwa na giza," alisema kwa sauti iliyokauka. "Na mtu anasoma majina, anasoma tu, hachoki."

Mama Pacha alimshika uso kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto. "Niambie, mapacha walizaliwa lini?"

"Jamani, na hali hii?" Alifikiri. "Si ule mwezi wa mvua nyingi?"

Mama Pacha akalia kwa furaha kifuani pake. Hata shangazi alifuta machozi, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Kesho yake fundi alifika kwa miguu yake mwenyewe, maana alikuwa amesikia dereva ameondolewa. Dereva alikuwa benchini kwake, akimenya chungwa. Fundi alibonyezabonyeza, akakunja uso.

"Ajabu. Dereva mpya hayumo kweli, na wa zamani hafai, lakini bado imeunganishwa. Inapita wapi?" Akasogea karibu na kioo. "Na mwenyeji huyu ni nani? Mlimwondoa dereva mkamwacha mwenyeji? Huku ndiko dereva anakofikia, dada yangu. Mwenyeji akiwapo, atarudi tu." Na akalisoma lile jina la utotoni, kwa sauti.

"Abee," aliitika Mama Pacha.

Hakuwa amefungua mdomo kuitika. Alitaka kumwambia mumewe hivyo, kwamba si yeye, kwamba amshike, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka ukachukua chungwa kutoka mkononi mwa mumewe. Alisikia meno yake yakipasua ganda. Hakusikia ladha yoyote.

Mumewe alimtazama mdomoni. Akavuta pumzi puani, mara moja, mara ya pili, kisha akazichukua funguo zake benchini taratibu.

"Mama Pacha," aliuliza kwa kunong'ona, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, "umejipaka yasmini?"